Kilo za PDG Yves

Mlioshika roho mkononi tangu sehemu ya Jumamosi iliyopita, ishusheni kidogo. Tulimwacha Wenceslas amerudi kutoka kukipima kiwanja kwa hatua, amesimama mbele ya ndege yake ndogo, mikono kichwani, anaitazama pua yake tupu. Helisi, lile panga la mbao linalozunguka na kuivuta ndege, haikuwepo. Boliti zake sita zilikuwa zimepangwa juu ya nyasi moja moja, maana aliyezifungua alikuwa mtu wa adabu.

Nani aliyeing'oa? Jibu ni hili: alikuwa nyuma yake, ameketi juu ya kreti ya bia, helisi ameilaza mapajani.

"Pilote," yule mtu akasema. "Karibu Kabumbi."

Huyo ndiye Yves. Kwenye machimbo ya Kabambare mwenye shimo la dhahabu huitwa PDG, hata kama ofisi yake ni turubai na viti viwili vya plastiki. PDG Yves alikuwa na turubai, viti, vijana wawili wenye bunduki, fimbo ya kutembelea na bastola kiunoni. Kimo cha wastani, lakini upana alipewa wa watu wawili.

Na kwa anayeanza kusoma leo, nimweleze upesi. Wenceslas ni fundi pikipiki wa Kasongo. Miaka minne alijenga ndege uani kwake, kwa mabomba ya alumini, kitambaa na injini ya gari kuukuu, na helisi akaichonga mwenyewe kwa mti wa libuyu. Habebi mizigo, habebi abiria. Kila Jumapili anaruka kwa raha ya kuruka tu, anatua kwenye viwanja vya zamani vilivyoachwa na mamisheni na makampuni, anakula ndizi zake na kurudi nyumbani. Majirani wanasema ana wazimu. Régina, mke wake, alimwomba jambo moja tu: aseme kila mara anakokwenda.

Jumapili hii alimwambia anakwenda Nyangwe. Kiwanja cha Kabumbi kilimtamanisha kwa sababu hajawahi kutua hapo, na Régina angemkataza. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilimwishia hapa, mahali pasipo na mtandao wa simu, na Kasongo nzima hakuna mtu anayejua yuko upande gani wa dunia. Wakimtafuta, watamtafuta mtoni, upande wa Nyangwe.

"Helisi yangu, patron," Wenceslas akasema.

"Iko nyepesi sana." PDG aliipapasa. "Kilo tatu? Kitu kidogo hivi inavuta ndege muzima?"

"Ni mbao tu. Kwa mutu mwengine haina kazi."

"Kwa wewe iko na kazi. Ndiyo maana nimeishika." Akatabasamu. "Utanipeleka Kasongo. Leo, sasa hivi. Tukiwa tayari kupanda, nitakurudishia."

Wenceslas alimpima kwa macho: mabega, shingo, tumbo. Tumbo likamkausha mate.

"Haitaweza, patron."

"Haitaweza nini? Viti viko viwili. Nimehesabu."

"Viti viko viwili, lakini kiwanja ni kifupi. Metre mia tatu na kumi. Kiisha miti."

"Pikipiki ya Salamabila inabeba watu wane, mbuzi, na gunia ya muchele juu ya mbuzi. Inapanda nayo mulima. Na haiko na mabawa."

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu, msomaji. Sisi watu wa Maniema hatujapata kuona chombo kilichojaa. Lori likijaa tunapanda juu ya mizigo, na mizigo ikijaa tunamshikilia aliyepanda. Ukiambiwa fasi imeisha, unajua dereva anataka kubembelezwa. PDG Yves aliamini kabisa kwamba anabembeleza.

"Patron, sikia. Pikipiki ikilemewa inaenda polepole. Ndege ikilemewa haiendi polepole. Inabaki chini, inakimbia, mupaka inagonga ile." Wenceslas akaonyesha michikichi iliyosimama mwisho wa kiwanja. Nyuma ya michikichi ardhi ilishuka ghafla kwenda mtoni.

PDG aliitazama michikichi kwa muda. "Kilo ngapi unataka?"

"Mutu wa pembeni yangu, makumi nane. Ikizidi, tunatoa kitu ingine."

"Basi tutapima." Akamgeukia kijana mmoja. "Nenda mulete mizani ya yule anayenunua muchele. Muibebe watu wane, mbio."

Akainuka, akaingia chini ya turubai yake na helisi kwapani kupanga vitu vyake. Kijana wa pili alibaki hatua ishirini kutoka kwa Wenceslas, bunduki begani, anachokonoa meno.

Ndipo akaja mwanamke na sahani ya bugali na sombe. Kijana alimruhusu kwa kidevu. Ni Chancelle, anayewapikia wachimbaji, na alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala siku mbili.

"Kula, papa pilote," akasema akichuchumaa. "Kula, na usiniangalie. Sikiliza tu."

Wenceslas akamega tonge.

"Shimo imeanguka Ijumaa. Watu saba wako ndani, wazima. Wanagonga bomba, tunawasikia. Lakini maji inapanda. Pompi iko pale, na mafuta imekauka."

"Mafuta iko wapi?"

"Mapipa mawili iko mu depo yake. Ile kontena ya chuma. Ufunguo iko mu mufuko yake."

"Juu ya nini hafungui?"

Chancelle alijifanya anapanga sombe. "Alhamisi walimuambia mbao za shimo zimeoza. Akawaambia washuke, ao watafute kazi fasi ingine. Wakitoka wazima, watasema. Na bwana yangu Musafiri ndiye alimuambia mbele ya watu wote. Bwana yangu iko mule chini, papa."

Wenceslas akarudisha tonge sahanini.

"Wandugu zao wametoka Salamabila asubui na pikipiki," Chancelle akaendelea. "Barabara ni moya tu, wao wanakuja upande mumoja, na upande wa pili daraja imevunjika. Njia yake imebaki ni wewe. Usimupeleke."

"Nikikataa, mama, helisi yangu atafanya kuni. Na mimi sijui atanifanya nini."

"Najua. Na mimi nakuomba hivyo hivyo."

Akachukua sahani ikiwa bado imejaa, akaenda. Wenceslas aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Akimpeleka PDG, watu saba wanazama na ufunguo uko Kasongo mfukoni mwa bwana mkubwa. Asipompeleka, bunduki mbili ziko hapa, na Régina yuko Kasongo anapika chakula cha mchana cha watu wawili. Alitafuta mlango wa tatu na hakuuona.

Mizani ikafika. Wanaume wanne waliitua juu ya nyasi, ile ya chuma yenye sahani chini na mkono juu wenye uzito wa kusogeza. Wenceslas alipanda kwanza: sitini na sita. Kisha PDG akapanda, fimbo yake mkononi, kifua mbele. Wenceslas akainama, macho yakiwa kwenye mkono wa mizani, akasogeza uzito taratibu hadi mkono ukalala sawa.

"Makumi tisa na mbili," akasema. Moyoni alishangaa. Alidhani ni zaidi sana.

"Umeona," PDG akasema akishuka. "Mwili ni mukubwa, lakini si muzito. Baba yangu pia alikuwa hivyo."

"Imezidi kilo kumi na mbili, patron."

"Toa kitu, basi. Umesema."

Na hapo, ndugu zangu, mlango wa tatu ukafunguka kidogo, upana wa kidole.

"Nitatoa sanduku ya vifaa," Wenceslas akasema polepole. "Na mafuta. Litre kumi na tano. Inabaki ya kutufikisha Kasongo tu, bila kupotea njia."

"Toa."

"Niko na bidon, lakini siwezi kuimwaga hapa. Moteri ingali na joto, nyasi ni kavu. Tutaungua sote na ndege yako." Alisema 'ndege yako' makusudi, na PDG akaipokea vizuri. "Mutu aipeleke mbali. Ule mama wa chakula, anaweza."

PDG alitazama saa yake, akatazama barabara. "Aipeleke. Fanya mbio."

Mafuta yalishuka kwa mpira hadi kwenye bidon la njano, na Wenceslas alihisi kila lita ikitoka kama inatoka mwilini mwake. Chancelle alikuja, akalitwika kichwani. Hawakutazamana. Alitembea taratibu mpaka alipopita turubai, kisha akapotea kwenye njia ya kilimani. Walioona wanasema alipofika kwenye mihogo alianza kukimbia, na hakumwaga hata tone.

Sasa PDG akarudisha helisi. Wenceslas akaanza kukaza boliti, moja baada ya nyingine, kwa zamu, kama anavyofanya siku zote. Shetani alimnong'oneza aache mbili legelege. Akamjibu shetani kwamba kiti cha kushoto ni chake, akazikaza zote sita.

Alikuwa kwenye boliti ya mwisho aliposikia kilimani kitu kinakohoa. Kikakohoa tena. Kisha kikashika, kikanguruma bila kukatika.

PDG Yves alikuwa anafunga begi. Akatulia.

"Ile ni nini?"

Kijana aliyekuwa anachokonoa meno aliacha.

"Ile ni pompi yangu," PDG akasema. "Nani amewapa mafuta?" Macho yake yakatembea kutoka kilimani hadi kwenye tangi la ndege, yakafika usoni mwa Wenceslas, yakakaa hapo. "Wewe."

"Ulisema iende mbali, patron."

Bastola ikatoka kiunoni. Na hapo Wenceslas angeishia, na mimi ningekosa kazi ya kuandika, kama upepo usingeleta sauti nyingine kutoka upande wa barabara. Pikipiki. Si moja, si mbili. Sauti yake ilikuwa nene, ya watu waliokata shauri.

"Patron," akasema kijana wa kwanza. "Na siye?"

"Nitawatumia pikipiki."

Vijana wale walitazamana. Walikuwa wajinga kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Mmoja alitupa bunduki kwenye nyasi, mwingine akaondoka na ya kwake, na wote wawili wakaingia msituni bila kuaga.

"Panda," PDG akamwambia Wenceslas. "Litre kumi na tano zitawatosha lisaa ngapi? Tano? Kiisha watagonga bomba tena. Ufunguo iko hapa." Akapiga mfuko wa suruali. "Panda."

Wenceslas akapanda. PDG akapanda upande wa kulia, na ndege ikainama upande huo. Ikainama mno. Wenceslas alichungulia nje, akaona gurudumu la kulia limekaa bapa kwenye nyasi kama chapati. Alilijua gurudumu lile miaka minne. Halingelala hivyo kwa kilo tisini na mbili.

"Patron. Uko na nini?"

PDG aliinua shati. Chini yake palikuwa na mkanda mpana wa kitambaa, umejaa pande zote. "Iko kidogo tu. Dhahabu haijazi fasi."

"Ulipanda nayo kwenye mizani?"

"Hapana. Dhahabu yangu haipimwe mbele ya watu."

"Lakini hata bila hiyo..." Wenceslas akatazama fimbo iliyokuwa katikati ya magoti ya yule mtu. Akakumbuka jinsi PDG alivyosimama juu ya sahani, na ncha ya fimbo imechomekwa chini, kwenye nyasi, nje ya mizani. "Uliegemea. Uliegemea fimbo."

PDG Yves alicheka, na katika kicheko chake mlikuwa na haya kidogo. "Pilote, miaka makumi mbili na moya niko mu dhahabu. Sijasimama sawa juu ya mizani hata siku moya. Sikufikiri. Mukono umejiendea wenyewe."

Kaiba kilo, na aliyeibiwa ni yeye mwenyewe, pamoja na fundi wa watu aliyeketi kando yake. Ningecheka, kama nisingemjua Régina.

"Shuka," Wenceslas akasema. "Vua mukanda, tutoe na begi. Tena—"

Bastola ikamgusa ubavuni. Nyuma yao pikipiki ya kwanza ilikuwa imetokeza kwenye kona ya turubai, imepakia watu watatu, na aliyekaa nyuma alikuwa na panga. Wote watatu walikuwa wanaitazama ndege. Kwao, aliyeketi kwenye kiti cha kushoto na aliyeketi cha kulia ni watu wa jambo moja. Nani angewaambia vingine? Chancelle alikuwa kilimani na pampu.

"Washa," PDG akasema.

Wenceslas akazungusha ufunguo wa kontakti. Injini ikashika. Akasukuma mkono wa gesi hadi mwisho, na ndege ikaanza kuvuta mguu kwenye nyasi kama ng'ombe aliyefungwa jembe.

Marubani wa viwanja vifupi wana desturi moja, na Wenceslas hakuwahi kuivunja. Kila anapotua mahali pageni, na hapa pia alifanya hivyo, huchomeka kijiti katikati ya kiwanja, na juu yake hufunga kitambaa chekundu. Wakati wa kuondoka, ukifika kwenye kijiti, sindano ya mwendo lazima isome sitini. Ikiwa chini ya sitini, unakata gesi na kusimama. Hujadiliani nayo. Hujipi moyo. Kijiti kimewazidi akili marubani wengi walio kaburini.

Sindano ikasoma ishirini. Nyasi zilipiga tumbo la ndege. Kwenye kioo kidogo Wenceslas aliona pikipiki nne sasa, zimeingia kiwanjani, zinakuja kwa kasi kuliko yeye.

Thelathini.

"Ongeza," PDG akasema.

"Imeisha. Hiyo ndiyo yote."

Arobaini. Kitambaa chekundu kilikuwa kinakaribia, na mkia wa ndege ulikuwa bado haujainuka. PDG alikuwa ameacha kucheka. Jasho lilimtiririka. Kwa mara ya kwanza aliitazama michikichi kwa macho ya mtu anayeamini.

"Itapanda?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Arobaini na tano. Kijiti kikapita dirishani.

Wenceslas hakuwa na muda wa kufikiri, lakini kichwa kilifikiri hivyo hivyo. Wakiendelea, ndege inavunjika mtoni, na ufunguo wa kontena unazama na mfuko wake, na baada ya saa tano wale saba wanamezwa na maji. Akikata, kuna bastola ndani na mapanga nje. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wazee walisema, ingawa hawakusema nusu ile inauma kiasi gani. Alimwona Régina mlangoni, kitambaa cha jikoni begani, anasikiliza anga. Akamwomba msamaha kwa lile neno Nyangwe.

Akavuta gesi nyuma.

Mkono wa PDG, ule mzito ambao haukupimwa, ulishuka juu ya mkono wake na kuisukuma gesi mbele tena. Injini ikapiga kelele. Wenceslas alivuta, PDG akasukuma. Vidole vilivunjika, sijui vya nani, na sindano ilikuwa kwenye arobaini na nane, na shina la kila mchikichi sasa lilikuwa linaonekana peke yake.

Basi Wenceslas aliachia gesi. PDG alidhani ameshinda. Lakini mkono wa kushoto wa fundi ulikuwa umeenda kwenye kontakti. Akazungusha, akang'oa ufunguo, akautupa nje ya dirisha.

Helisi ikatulia. Kimya kikaingia ndani ya ndege, na ndani ya kimya kile walisikia nyasi, magurudumu, na watu wanaopiga kelele nyuma. Wenceslas alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Zilikuwa breki za pikipiki, alizifunga yeye mwenyewe, kwa ndege ya kilo zilizojulikana. Zikashika, zikateleza, zikashika.

Mdomo wa bastola ukapanda kutoka ubavuni, ukakaa chini ya sikio lake.

"Washa," PDG Yves akasema.

Wenceslas alimwonyesha viganja vyake viwili, vitupu. Ndege ilikuwa bado inakimbia, na kiwanja kilikuwa kimekwisha.